Kabla ya plasta: nyaya za televisheni katika nyumba sita za kupangisha kule Kericho

Sisi watu wa Pwani tukisikia Kericho hufikiria kikombe cha chai. Mimi siku hizi nikisikia Kericho hufikiria mvua, radi na mabati yanayoteleza. Kazi yangu ni ufundi wa madishi, nimejifunza Kisauni tangu nikiwa kijana, na mwaka huu kazi hiyo iliniita bara, mahali kati ya Litein na Kapkatet, kwa mama mmoja mwalimu mstaafu aliyekuwa akijenga ploti yake ya pili. Mwanawe anafanya kazi Mombasa na niliwahi kumfungia dishi, ndiyo akampa mamake namba yangu. Nimerudi na mambo ambayo naona yanawafaa wenzangu wanaojenga nyumba za kupangisha Mtwapa, Bamburi, Ukunda na Malindi, basi nimeona niyaandike.

Mwalimu, ndivyo kila mtu anavyomwita kule nami nikamwita hivyo hivyo, aliijenga nyumba yake ya kwanza bila kuifikiria televisheni. Wapangaji wakaja, kila mmoja na dishi lake. Nilihesabu madishi tisa juu ya paa la nyumba sita. Matatu ni ya watu waliokwisha kuhama. Kila dishi limeshikwa na misumari, kila msumari ni tundu kwenye bati, na Kericho si mahali ambapo tundu la bati husubiri masika. Dari za nyumba za juu zimejaa madoa ya maji. Nyaya zinaning'inia ukutani na kuingilia madirishani, kwa hiyo madirisha hayafungiki na baridi ya usiku inapita.

Hayo yote Mwalimu alikuwa ameyazoea. Lililomfanya anipigie simu lilikuwa jingine. Jioni moja ya mvua picha ilimkatikia mpangaji wa juu, na mdogo wake akapanda kwenda kulisogeza dishi. Bati limelowa, mguu ukateleza, kijana akaanguka mpaka chini. Alipona, lakini mguu ulivunjika mahali pawili na masomo yake yakasimama muhula mzima.

"Sitaki mtoto wa mtu apande tena juu ya nyumba yangu," Mwalimu aliniambia. "Hii mpya nataka mtu aingie, achomeke, aone. Basi."

Nilifika Alhamisi. Kuta za ghorofa zote tatu zimesimama, mabati yamepigwa, na mwashi anangoja kuanza plasta Jumatatu. Nilikuwa na siku tatu.

Dishi linalotazama utosini

Kabla ya kugusa ukuta nilipanda juu na dira. Ndugu msomaji, setilaiti za televisheni zimepangwa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, na zinazunguka sambamba na dunia. Ndiyo maana sisi tulio chini tunaziona kama hazisogei. Ile inayoleta DStv kwetu Kenya iko digrii 36 mashariki. Kericho yenyewe iko digrii 35 na kidogo, na ni hatua chache tu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo setilaiti hiyo iko karibu utosini kabisa. Hesabu yangu ilinipa digrii 89 kutoka upeo wa macho, yaani imepungua digrii moja tu kusimama wima. Kwetu Mombasa ni digrii 84 hivi, dishi likiegemea kidogo kaskazini magharibi.

Azam TV, ambayo wapangaji kadhaa waliitaka kwa ajili ya mpira wa Tanzania, hutoka setilaiti iliyo digrii 7 mashariki. Kutoka Kericho hiyo iko magharibi, kwenye kimo cha digrii 57 hivi. Kutoka Mombasa ni 52. Basi palihitajika madishi mawili, moja la kutazama juu na moja la kutazama upande wa Uganda.

Jambo hili lina matokeo ambayo vitabu vya ufundi vya Ulaya havikuambii. Vitabu hivyo hushauri dishi lifungwe ukutani chini ya ukingo wa paa, ili likae mbali na radi. Ulaya inawezekana, maana kule setilaiti iko chini upande wa kusini. Kericho ukilifunga chini ya ukingo wa paa, dishi litakuwa linatazama bati. Lazima likae mahali ambapo juu yake ni mbingu tupu.

La pili ni mvua. Mawimbi haya ni ya gigahezi 11 na 12, na mvua nzito huyameza. Dishi linalotazama wima hupenya mvua kwa njia fupi kuliko yote, ilhali linaloinama kwenda magharibi hupita ndani ya mvua umbali mrefu zaidi. Kwa hiyo nilimwambia Mwalimu mapema kwamba alasiri ya mvua kubwa Azam ndiyo huenda ikatangulia kukatika, na kwamba tungenunua dishi kubwa kidogo kwa upande huo. Mpangaji akilijua hilo hatafuti ngazi. Anangoja mvua ipite.

La tatu ni miti. Mikaratusi imepandwa kila mahali kule, maana viwanda vya chai vinahitaji kuni, na hurefuka upesi. Kwa kimo cha digrii 57, mti uliolizidi dishi kwa mita 20 ukiwa upande wa magharibi lazima uwe umbali wa mita 13 au zaidi. Shamba la jirani lilikuwa na mikaratusi michanga umbali wa mita 10. Leo haizibi kitu. Baada ya miaka mitano ingeziba. Tulilihamishia dishi pembe ya pili ya paa, na neno hilo likaisha kabla halijaanza.

Kwa nini usigawe waya mmoja

Wengi huniuliza: dishi ni moja, waya ni mmoja, kwa nini nisiweke splita nikazipa nyumba zote sita? Antena ya kawaida ya nje unaweza kuigawa hivyo. Dishi haliwezi, na sababu yake ni hii.

Kile kichwa kilichoshikwa mbele ya dishi, LNB, hupokea mawimbi ya aina mbili, yaliyosimama na yaliyolala, na kila aina imegawanywa masafa ya chini na ya juu. Jumla mafungu manne. Waya mmoja unabeba fungu moja tu kwa wakati mmoja. King'amuzi ndicho kinachoamuru ni fungu lipi: kinapeleka volti 13 kikitaka mawimbi yaliyosimama, volti 18 kikitaka yaliyolala, na kinaongeza mlio wa kilohezi 22, usiosikika kwa sikio, kikitaka masafa ya juu. Sasa weka ving'amuzi viwili kwenye waya mmoja. Nyumba ya chini inaamuru hili, nyumba ya juu inaamuru lile, na LNB haiwezi kuwatii mabwana wawili. Mmoja atakosa picha kila mwenzake anapobadilisha stesheni.

Dawa yake ni kifaa kiitwacho multiswichi. Hicho huchukua mafungu yote manne kwa nyaya nne kutoka kwenye LNB, kisha humpa kila mpangaji fungu analolitaka bila kumgusa jirani. Kina tundu la tano la antena ya kawaida, kwa hiyo stesheni za bure za dijitali hupita humo humo. Hilo si dogo. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015, wako wapangaji wanaotosheka na stesheni za bure, na kule kwenye vilima na mabonde antena ya ndani mara nyingi haishiki kitu.

Mtego mmoja uko dukani. LNB ya matundu manne inauzwa kwa aina mbili zenye majina yanayofanana. Ya kwanza, quad, ni ya kupeleka waya moja kwa moja kwenye ving'amuzi vinne. Ya pili, quattro, kila tundu lake limetengewa fungu lake, na hiyo ndiyo multiswichi nyingi zinaitaka. Kwa macho hazitofautiani. Soma maandishi ya boksi kabla ya kutoa pesa.

Kila nyumba na njia yake

Nilichora mpango kwenye karatasi ya daftari la shule alilonipa Mwalimu. Juu ya ngazi ya ghorofa ya mwisho, kabati la chuma lenye kufuli. Kutoka kabatini kila nyumba inapata paipu yake ya milimita 25. Ndani ya kila paipu mna nyaya tatu za koaksia aina ya RG6, mbili za sebuleni na moja ya chumba cha kulala, pamoja na waya wa intaneti kwa siku ambayo fiba itafika. Hakuna waya unaopitia nyumba ya mtu kwenda nyumba ya mwingine. Mpangaji akihama na hasira zake akakata waya, amekata wake tu.

Kwa nini mbili sebuleni? Moja imeunganishwa na multiswichi ya dishi la juu, ya pili na ya dishi la magharibi. Soketi imeandikwa 1 na 2. Mpangaji akiwa wa DStv anachomeka 1, akiwa wa Azam anachomeka 2, akiwa na zote anachomeka zote. Kila multiswichi ina matundu manane na nyumba ni sita, kwa hiyo yamebaki mawili kila upande kwa watakaoomba televisheni ya chumbani.

Hesabu ya waya ilikuwa hivi: nyaya 18 za ndani, wastani wa mita 15 kila mmoja, ni mita 270. Kutoka kwenye LNB mbili na antena kushuka kabatini, nyaya tisa za mita nane, ni mita 72. Jumla mita 342. Tulinunua roli moja la mita 305 na jingine la mita 100.

Hapo kwenye waya Mwalimu alitaka kuokoa pesa, na mimi nikamkatalia. RG6 za bei ya chini huwa na moyo wa chuma uliopakwa shaba juu. Waya huu haupitishi picha tu. Unapitisha pia umeme mdogo wa kuilisha LNB, na chuma hupoteza umeme huo njiani. Halafu koaksia yoyote hupunguza mawimbi. Upande wa juu wa masafa, mita 100 hupoteza desibeli 30 hivi. Nyumba ya chini kabisa ina mita 28 kutoka kwenye dishi, na umbali huo peke yake unakula zaidi ya robo tatu ya nguvu. Ukianza na waya mbaya, hiyo nyumba ya chini ndiyo italia kila mvua ikinyesha. Chukua kisu dukani, kwangua moyo wa waya: ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe.

Siku tatu na tindo

Mwashi hakupenda kuona tindo kwenye ukuta wake. Aliniambia mbele ya Mwalimu kwamba mifereji yangu ingedhoofisha jengo, na alikuwa na haki ya kuuliza. Kanuni tunayoifuata ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Ukuta ulikuwa wa milimita 200. Wima naruhusiwa 66, mlalo 33, na paipu yangu ni 25. Tulipima pamoja kwa futi yake mwenyewe, akatulia. Baada ya hapo alinipa vibarua wake wawili.

Kuna mambo manne ambayo fundi akiyapuuza plasta ikishapigwa hayarekebishiki. Kwanza, paipu ipindwe kwa springi, kona iwe ya mviringo. Koaksia iliyokunjwa kama kiwiko imeshaharibika hata kama haijakatika. Pili, usiipitishe kwenye paipu moja na nyaya za stima za volti 240. Ziache mbali walau sentimita 20, na zikikutana zikatane kwa msalaba. Tatu, usiunge waya ndani ya ukuta. Kila waya uwe mzima kutoka kabatini mpaka soketini. Nne, andika namba kwenye ncha zote mbili za kila waya kabla hujauvuta, maana nyaya 18 nyeusi zikitoka ukutani hazina majina.

Jumapili jioni nilipima kila waya kwa mita, mmoja mmoja. Nyaya 17 zilikuwa sawa. Mmoja wa nyumba ya kati ulikuwa umetobolewa na msumari wa mtu aliyetundika koti lake. Tuliuvuta nje tukaingiza mwingine kwa nusu saa. Kama plasta ingekuwa imeshapigwa na hakuna paipu, msumari ule ungegharimu ukuta. Na hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote: waya utakufa siku moja, lakini paipu ikibaki unabadilisha waya bila nyundo.

Radi na stima

Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida. Kwa sababu dishi haliwezi kujificha chini ya paa, mlingoti wake lazima ufungwe ardhini. Tulishusha waya wa shaba wa milimita 16 za mraba mpaka kwenye fimbo ya shaba ardhini, na fimbo hiyo ikaunganishwa na ardhi ya stima ya nyumba, zisiwe ardhi mbili zinazogombana. Maganda ya nyaya zote yameunganishwa kabatini kwenye ubao mmoja wa shaba. Kazi ya kuingiza stima kabatini niliiacha kwa fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Hata hivyo niliwaambia wapangaji ukweli: radi ikipiga moja kwa moja hakuna kifaa cha kuizuia. Ngurumo zikikaribia, chomoa.

Maji pia yana njia zake. Kwa kuwa dishi limelala, tundu la waya kwenye LNB linaweza kujikuta limeelekea juu. Kila konekta ilifungwa kwa utepe wa mpira usiopitisha maji, na kila waya ukaachwa ushuke kidogo kama kitanzi kabla ya kuingia paipuni, ili tone lidondoke hapo.

Likabaki swali ambalo si la ufundi: nani atalipa stima ya kabati? Multiswichi zote mbili zinakula wati 20 hivi, usiku na mchana. Kwa mwezi ni yuniti 14 na kitu. Si nyingi, lakini zikiunganishwa na mita ya mpangaji mmoja, siku tokeni yake ikiisha jengo zima litakosa picha, tena huenda ni dakika ya 80 ya mechi. Ploti zimegombana kwa madogo kuliko hilo. Tuliliunganisha kabati na mita ya taa za ngazi, ambayo Mwalimu mwenyewe huilipia, na akaliandika kwenye mkataba wa kupanga: dishi ni la nyumba, king'amuzi ni cha mpangaji, na hakuna ruhusa ya mtu kupanda paa.

Na sisi wa Pwani?

Wako watakaosema setilaiti inapitwa na wakati, watu wanatazama kwenye simu. Huenda ikawa hivyo. Setilaiti zenyewe hubadilishwa. Ile ya digrii 36 ilirushiwa mrithi wake Machi 2024. Kampuni nazo hubadilika. Mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa iliinunua MultiChoice, wenye DStv. Lakini paipu ya milimita 25 kutoka kila nyumba hadi kwenye kabati moja haina habari na hayo. Leo inabeba koaksia, kesho itabeba fiba.

Adui wetu huku si mvua ya mawe, ni chumvi. Mlingoti unaodumu Kericho miaka kumi, Nyali utaliwa na kutu mapema zaidi. Kwa hiyo nunua uliochovywa zinki, na kila mwaka mwite fundi aangalie bolti. Mengine yote ni yale yale. Zunguka Kisauni utazame mapaa na kuta za nyumba za kupangisha, uhesabu madishi yaliyokufa na nyaya zinazoning'inia. Kila waya ule unasimulia ukuta uliopigwa plasta kabla ya mtu kuuliza.

Kama nyumba yako bado ni mawe matupu, mwite fundi wiki hii, umwonyeshe sebule zilipo. Hata kama huna pesa ya madishi wala multiswichi, weka paipu na uache waya wa kuvutia ndani yake. Hayo mengine yatangoja mfuko wako. Plasta haingoji.

Siku ya kuondoka nilimpa Mwalimu ile karatasi ya daftari, yenye kila paipu na vipimo vyake kutoka sakafuni na kutoka pembeni mwa mlango, ili atakayekuja kupiga msumari ajue pa kupiga. Aliikunja, akaitia kwenye bahasha moja na hati ya shamba. Kisha akanionyesha ile nyumba ya kwanza na madishi yake tisa, akaniuliza hiyo itakuwaje. Nikamwambia hiyo inawezekana pia, kwa kupitisha njia za plastiki nje ya ukuta, ila gharama itapanda na haitapendeza kama hii. Alinyamaza kidogo, akasema nirudi baada ya bonasi ya chai.